Daktari Fred Albee, Seremala wa Mifupa

Watu wengi wakitaka kuandika habari za watu mashuhuri katika gazeti letu hili huchagua wafalme, majemadari na viongozi waliopigania uhuru. Mimi leo nataka kuwaeleza habari za mtu ambaye silaha zake zilikuwa msumeno, patasi na keekee. Mtu huyo alikuwa daktari, jina lake Fred Albee, Mmarekani, naye alifariki zamani, mwaka 1945. Huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Hata mimi nisingelisikia kama si ugonjwa wa mdogo wangu, nami nitawaeleza habari hizo mahali pake.

Albee alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1876, katika kijiji cha Alna, jimbo la Maine, huko kaskazini-mashariki ya Marekani. Nchi ile ni ya baridi kali, na watu wake wengi siku zile walikuwa wakulima na wakata miti. Kwao hapakuwa na utajiri. Alipokuwa mtoto alimfuata babu yake shambani, na babu yake huyo alikuwa hodari sana wa kubebesha miti ya matufaha.

Sisi tuliozaliwa Lushoto kazi hiyo twaijua. Baba yangu ana miti michache ya mapeasi, nami nimemshikia kisu mara nyingi. Hukata shina la mti mmoja, akapasua mpasuko mdogo, akachukua kijiti kibichi cha mti mwingine, akakichonga kama ulimi, akakitia ndani ya ule mpasuko na kufunga vizuri kwa kamba. Siri yake ni mbili. Kwanza, kile kijiti na lile shina lazima vigusane barabara, mahali pabichi pa kimoja pakutane na mahali pabichi pa kingine. Pili, lazima vitulie. Vikitikisika haviungani. Mtoto Albee alijifunza siri hizo mbili akiwa bado mdogo, wala hakujua kwamba siku moja zitakuja kumsaidia katika mwili wa binadamu.

Alipokua alisoma katika chuo cha Bowdoin, huko huko Maine, akamaliza mwaka 1899. Kisha akaingia chuo cha udaktari cha Harvard, mjini Boston, akatoka daktari mwaka 1903. Baadaye alihamia mji wa New York, akajitia katika kazi ya kutibu mifupa na viungo. Huko ndiko alikokutana na adui aliyempa sifa.

Adui huyo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Sisi tumezoea kufikiri kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu tu, wa kukohoa na kutema damu. Kumbe vijidudu vyake huweza kuchukuliwa na damu vikaenda kukaa katika mifupa, na mahali wanapopapenda zaidi ni pingili za mgongo. Daktari mmoja wa London, jina lake Percivall Pott, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1779, na mpaka leo waitwa kwa jina lake. Lakini sababu yake haikujulikana mpaka mwaka 1882, Robert Koch wa Ujerumani alipoviona vijidudu vyenyewe kwa darubini.

Ugonjwa huu hula pingili upande wa mbele, upande wa tumbo. Fikirini ukuta wa matofali, halafu mchwa ale matofali mawili upande mmoja tu. Ukuta utainama upande ule ule ulioliwa. Ndivyo mgongo wa mgonjwa unavyoinama mbele, na nyuma hutokea nundu, yaani kibiongo. Usaha na vipande vya mfupa vikiubana ugwe wa mgongo, miguu hulegea, na pengine mtu hupooza kabisa. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watoto.

Je, madaktari wa zamani waliwatibu namna gani? Dawa ya kuua vijidudu hawakuwa nayo. Walijua jambo moja tu, kwamba pingili zilizoliwa zikitulia kwa muda mrefu, pengine mwili wenyewe utaziunganisha. Basi waliwalaza watoto chali juu ya vitanda vigumu, au wakawafunga kwa plasta kutoka makwapani mpaka nyongani, au wakawavika vyuma na ngozi. Mtoto aliweza kulala hivyo miaka mingi. Wenzake waliingia shule na kumaliza, yeye yuko kitandani anaangalia dari. Mwaka 1891 daktari Berthold Hadra, huko Texas, alijaribu kufunga miiba ya pingili za mgonjwa kwa waya. Lakini waya haina uhai. Haikui wala haishikani na mfupa, na mwishowe hulegea au hukatika.

Hapo ndipo Albee alipoyakumbuka matufaha ya babu yake. Alijiuliza hivi: ikiwa kijiti kibichi huweza kushika katika mti, kwa nini mfupa mbichi wa mtu usishike katika mfupa mwingine wa mtu yule yule? Jambo la kuunganisha mifupa alikwisha kulianza katika nyonga, na mwaka 1908 aliandika habari za kuiunganisha nyonga iliyoharibika ili isimwume mgonjwa tena. Alifanya pia majaribio kwa mbwa, aone mfupa uliohamishwa unavyofanya. Mwaka 1911 akautangazia ulimwengu wa madaktari njia yake mpya ya kutibu uti wa mgongo.

Nitawaeleza njia hiyo hatua kwa hatua, maana ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Mgonjwa alilazwa kifudifudi, akapewa dawa ya usingizi. Mkipapasa mgongo wa mwenzenu katikati mtaona vijinundu vilivyopangana kutoka shingoni mpaka kiunoni. Hivyo ni ncha za miiba ya pingili. Albee alipasua ngozi na kuifunua mpaka akaiona miiba ile. Akachukua patasi, akaipasua miiba kwa urefu, kila mmoja nusu huku na nusu huku, na nusu moja akaiinamisha kando. Akaanza katika pingili nzima iliyo juu ya ugonjwa, akaishia katika pingili nzima iliyo chini yake. Hivyo akapata mfereji mmoja mrefu, na kingo zake ni mifupa mibichi.

Halafu alikwenda mguuni. Muundi wa mguu, ule mfupa unaotuuma sana tukipigwa teke uwanjani, ni mfupa mkubwa na mgumu. Kutoka huko akakata ufito wa mfupa wenye urefu sawa na ule mfereji. Akauchukua, akaulaza katika mfereji wa mgongo, akazirudisha zile nusu za miiba zikaubana, na juu yake akashona kwa uzi wa kano za kangaruu, maana kano hizo ni imara na baada ya muda huyeyuka zenyewe mwilini. Kisha ngozi ikashonwa, na mgonjwa akalala majuma kadhaa bila kutikisika. Mguu nao hupona, kwa kuwa mfupa hujaza pengo lake wenyewe.

Mwenye kubebesha mti ataona mara moja kwamba kazi ni ile ile. Kuna mpasuko, kuna ulimi, kuna kamba, na kuna kutulia.

Lakini ilikuwako taabu moja. Mwanzoni alitumia patasi na nyundo, na patasi na nyundo haziendi vizuri juu ya mfupa mgumu. Mfupa huweza kupasuka ovyo, kipande kikatoka kinene huku na chembamba huku, kisikae vizuri mahali pake. Tena kila pigo la nyundo hutikisa mwili wa mgonjwa, na pingili zilizokwisha kuliwa si vitu vya kutikiswa. Seremala hodari hawezi kuunga mlango kwa shoka. Basi Albee akatengeneza vyombo vyake mwenyewe.

Chombo kikuu kilikuwa mashine ndogo ya kushikwa mkononi, yenye mota ya umeme. Ilifungwa misumeno ya duara, na uliokuwa maarufu kuliko yote ni msumeno wa pacha, yaani visu viwili vya duara vilivyosimama sambamba katika mhimili mmoja. Nafasi kati ya visu hivyo iliweza kuongezwa au kupunguzwa. Faida yake ni kwamba kwa mpito mmoja ulikata mistari miwili iliyo sawa kabisa, na kwa hiyo ufito ulitoka na upana ule ule tangu mwanzo mpaka mwisho. Akiutumia katika mfupa uliovunjika wa mkono au mguu, aliweza kukata mfereji na ufito kwa kipimo kilekile, kimoja kikaingia ndani ya kingine kama ulimi wa ubao unavyoingia katika mfuo wake. Kulikuwa na keekee za kutobolea, na chombo cha kuuchonga mfupa uwe mviringo kama kijiti, ili apate misumari ya mfupa badala ya misumari ya chuma. Msumeno ukienda mbio hupata moto, na moto huua uhai wa mfupa. Kwa hiyo maji ya chumvi yalidondoshwa juu yake wakati wa kukata. Sehemu zilizogusa mgonjwa zilifanywa ziweze kuondolewa na kusafishwa, vijidudu visiingie.

Madaktari wengine walishangaa kuona daktari akishika mashine kama ya kiwandani. Lakini Albee hakuona haya kufananishwa na seremala. Mwaka 1915 alitoa kitabu kikubwa juu ya upasuaji wa kupandikiza mifupa, na ndani yake akaeleza njia zake na vyombo vyake ili wengine wajifunze.

Haifai kumsifu mtu mmoja mpaka tukamdhulumu mwingine. Mwaka ule ule wa 1911, katika mji ule ule wa New York, daktari mwingine, Russell Hibbs, aliunganisha pingili kwa njia yake. Hibbs hakuchukua mfupa wa mguuni. Yeye aliinua vijipande vya mifupa ya pingili zenyewe, akavilaza ili kila kimoja kifike pingili ya jirani, na kufanya daraja la mifupa midogo midogo. Baadaye aliitumia njia yake pia kwa watoto ambao migongo yao imepinda upande kama herufi S. Madaktari walibishana miaka mingi ipi ni njia bora. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki. Hibbs aliona kwamba mfupa wa pale pale hushika upesi, na Albee aliona kwamba ufito mzima hushikilia mgongo imara tangu siku ya kwanza. Madaktari wa leo wamechukua kitu kutoka kwa kila mmoja.

Vita Kuu ya kwanza ilipotokea mwaka 1914, risasi na mizinga ilivunja mifupa ya vijana wengi mno. Albee alivuka bahari akaenda Ufaransa, akawaonyesha madaktari wa huko njia zake. Marekani ilipoingia vitani, jeshi lilifungua hospitali kubwa huko Colonia, New Jersey, mwaka 1918, naye akaongoza upasuaji pale. Askari aliyekuwa na pengo katika mfupa wa mkono, ambaye zamani angekatwa mkono huo, alipandikizwa mfupa akarudi kwao na mikono miwili. Tena Albee aliona kwamba kupona kidonda si mwisho wa kazi. Mtu aliyeumia ahitaji kufundishwa tena kazi ya kumlisha yeye na watoto wake. Kwa sababu hiyo aliongoza kwa miaka mingi tume ya jimbo la New Jersey iliyoanzishwa mwaka 1919 kuwasaidia watu waliolemaa. Baadaye alianzisha hospitali huko Venice, katika jimbo la Florida lenye jua. Alifariki tarehe 15 Februari, 1945.

Nisiwafiche, kazi yake haikufanikiwa kila mara. Kuna vipandikizi vilivyovunjika, na kuna vilivyokataa kushika. Zaidi ya hayo, kuunganisha pingili hakuui vijidudu. Dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya kifua kikuu, streptomaisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943, naye alikuwa karibu na mwisho wa maisha yake. Jambo jingine twalijua leo vizuri zaidi. Sehemu kubwa ya mfupa uliopandikizwa hufa. Lakini hufa kama jukwaa la waashi. Mwili hupanda juu yake, ukajenga mfupa mpya polepole, na jukwaa likaondolewa kidogo kidogo.

Baada yake walikuja wengine. Paul Harrington wa Houston aliandika mwaka 1962 juu ya fimbo zake za chuma za kunyoosha migongo iliyopinda. Siku hizi hutumia skrubu zinazoingia ndani ya pingili, zikaunganishwa kwa fimbo mbili. Lakini msidhani kwamba chuma kimechukua kazi ya mfupa. Chuma hushika tu, kama kamba ya mwenye kubebesha mti. Mfupa usipoungana, chuma hicho kitachoka kwa kupindwa kila siku, na mwishowe kitalegea au kukatika, kama waya wa Hadra.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani likizo ya Juni nilimkuta anatembea ameinama, anashika magoti akitaka kuokota kitu. Alikuwa amekonda, na jioni alikuwa na homa. Alikataa kubeba ndoo ya maji. Nyumbani walisema ni uvivu, na majirani wengine walisema amerogwa. Mimi, niliyesoma habari za vijidudu darasani na kupata alama nzuri, nilimwita kobe. Watoto wengine wakalichukua jina hilo, wakaliimba njiani. Nilirudi shule bila kufikiri zaidi.

Mwezi wa Septemba nikapata habari kwamba miguu yake imelegea. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha, ikaonekana pingili mbili zimeliwa. Alianzishiwa dawa za kifua kikuu, na mwezi wa Oktoba akapasuliwa. Nilipokwenda kumtazama likizo ya Desemba, daktari alinionyesha picha, akaniuliza baba afanya kazi gani. Nilipomwambia habari za mapeasi alicheka, akanieleza kwamba walichukua mfupa wa nyonga ya mdogo wangu wakaulaza penye pengo, na skrubu ni za kushikilia tu. Ndiye aliyenitajia jina la Albee. Nilikwenda nje ya wodi nikasimama peke yangu kwa muda, maana nilijua kwamba kama ningetumia akili yangu mwezi wa Juni badala ya ulimi wangu, huenda miguu yake isingelegea kamwe.

Sasa anatembea kwa fimbo. Dawa anazimeza kila siku bila kukosa, na mama huziandika katika daftari. Lakini kama mfupa umeungana au haukuungana bado hatujui. Likizo hii atapigwa picha nyingine, nami nimeomba nimpeleke mimi. Nimekwisha kumwomba radhi, naye alinijibu tu kwamba nimwekee peasi lililoiva.

Ndugu wasomaji, mkienda nyumbani mkaona mtoto ambaye mgongo wamwuma kwa majuma mengi, akakonda, akapata homa za jioni, au akaota nundu mgongoni, msimcheke wala msingoje. Mpelekeni hospitali upesi. Dawa zipo, na ikiwa mgongo umekwisha kuharibika, iko kazi ambayo Albee na Hibbs walituachia. Na wewe mwenzangu unayeona haya kwa kuwa baba yako ni seremala au mkulima, usione haya. Kumbuka mtoto wa Alna aliyemshikia babu yake kisu.

Hapa naweka kalamu chini. Tukijaliwa, muhula ujao nitawaletea habari za ile picha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne